Mstari wa Nane wa Risala

Jumanne, 8 Aprili 2025
Mvua toka asubuhi. Mwanangu Tulia anaota meno, hajanyamaza — macho yangu yamevimba kwa usingizi. Mchana wakaingia hapa steshenari Prosper na Ambwene, na sare zao za kidato cha sita. Wameleta risala ya mahafali, Mwalimu Erasto keshaipitisha. Nichape nakala mbili: ya kaka mkuu kusomea, na ya mgeni rasmi.
"Dada, zitoke safi," Prosper akasema.
Dada! Mimi! Na mtoto wake niko naye mgongoni, pua ile ile.
Ambwene akacheka: "We naye, si umsalimie mwanao?"
Akajifanya anapokea simu.

Jumatano, 9 Aprili
Nimefika mstari wa nane. "Tulianza sitini na wanne, tunahitimu sitini na watatu. Mmoja aliacha kwa utoro."
Utoro! Mwaka jana walimu walituita ofisini, mimi na Prosper. Nikamtaja. Yeye akasema ananijua kwa sura tu. Mimi nikafungasha sanduku, yeye wakampa ukaka mkuu.
Nimefuta utoro. Nimeandika: "Mmoja, Sekela, aliondoka na mimba yangu mimi ninayesoma risala hii, na nilimkana mbele ya walimu."
Nimeprinti. Nakala zote mbili.

Ijumaa, 11 Aprili
Prosper kachukua bahasha ya risala, hakufungua. Namjua — hasomi kitu kabla. Hata notsi nilikuwa namfupishia mimi.
Mama Anneth, bosi wangu, kauliza mbona nacheka peke yangu. Akijua, kazi sina. Na uji wa Tulia? Nikambeba mtoto, nimkimbilie Prosper, nimwambie rudisha. Nikafika mlangoni.
Nikarudi kukaa.

Jumamosi, 12 Aprili
Mahafali. Niko nyuma na wazazi, chini ya turubai, naandika juu ya goti. Prosper na suti ya bluu, anasoma kama mtangazaji wa redio. Mstari wa sita. Wa saba.
Amekwama!
Anajifuta jasho — na baridi hii ya Tukuyu! Macho yanatafuta. Yameniona. Anakohoa. "Mmoja... alihama." Anaendelea! Muongo mpaka leo!
Lakini mgeni rasmi, mama mmoja wa miwani, alikuwa anafuatisha kwa kalamu kwenye nakala yake. Ameinua mkono.
"Kijana, hebu rudi mstari wa nane. Soma kilichoandikwa."
Wazazi wanageuka, wanafuata macho ya Prosper hadi kwangu.
Nimemvua Tulia kofia, uso uonekane vizuri. Nasimama —