Sketi ya Nyandeng na Kidole Nilichokificha

Ijumaa, mwezi wa pili, 1996. Kakuma.

Upepo ulianza kabla ya chai na mpaka saa hii, saa tisa, haujatulia. Mchanga umeingia kwenye cherehani, kwenye maziwa ya mtoto, kwenye meno. Nimefunga mlango wa darasa nikauwekea jiwe. Wanafunzi wameenda. Ewoi wangu amelala juu ya mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia, na mimi nimekaa sakafuni karibu naye, daftari kwenye goti.

Barua imefika leo.

Inasema kuanzia mwezi ujao mimi si msaidizi tena, ni mwalimu wa ushonaji. Jina langu limepigwa kwa mashine na herufi zote ziko mahali pake. Nimeisoma mara tatu nikingoja furaha. Mara ya nne nikaikunja nikaiweka chini ya pasi, isipeperuke.

Wacha niandike ukweli, kwa sababu daftari halinicheki. Hii barua nimeipata kwa kumnyamazisha mwanafunzi aliyekuwa anasema kweli.

Mwaka jana wakubwa wa kituo walituita wakatuambia kwamba sisi walimu wa ufundi hatujui hesabu, na wanafunzi wetu wanatoka hapa hawajui pia. Haukuwa uongo wote. Mimi niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mbuzi wetu walikwisha. Ekal, mwenzangu wa useremala, alifika la nane, na kwa hiyo anajiona profesa. Tukaambiwa twende Lodwar wiki mbili tukafundishwe namna ya kuingiza hesabu ndani ya somo la ufundi. Tukirudi, mkaguzi atakuja kumtazama kila mmoja akifundisha somo moja. Akikubali, unaandikwa mwalimu kamili. Asipokubali, nafasi yako inatafutiwa mtu wa kidato cha nne.

Ewoi alikuwa na miezi minane. Hakukuwa na pa kumlaza huko, hivyo nikamwachia mama yangu, na maziwa ya mbuzi wa jirani.

Lodwar nilienda na moyo mzuri, hilo nataka likumbukwe. Mkufunzi wetu, Bwana Mutiso, alitoka Nairobi, na shati lake jeupe lilibaki jeupe mpaka jioni, sijui alifanyaje kwa vumbi lile. Kufundisha anajua. Alituletea sahani na kamba, akasema zungusha kamba kwenye ukingo wa sahani, halafu ilaze katikati uone inavuka mara ngapi. Mara tatu na kidogo. Tukabadilisha sahani, tukaleta sufuria, tukaleta ndoo. Mara tatu na kidogo, kila mahali. Hicho kidogo kina jina, kinaitwa sehemu moja ya saba, na nilipokielewa nilitaka kulia. Miaka yote hii nimekata shingo na viuno, na hakuna aliyeniambia kwamba kila duara duniani lina tabia moja.

Jioni ile nilipima pipa la maji la mwenye nyumba. Akaniuliza kama nataka kulinunua.

Halafu ikaja siku ya sketi.

Bwana Mutiso aliuliza nani anajua kutafuta nusu kipenyo cha kiuno, kwa ile sketi ya duara tunayoiita mwavuli. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Nikasimama nikasema nilivyofundishwa na Mama Alice, yule mzee aliyenifunza cherehani nikiwa msichana: gawanya kiuno kwa sita, kisha toa upana wa kidole kimoja. Kunja kitambaa mara nne, shika kamba kwenye kona, zungusha chaki, kata.

Akatabasamu. Akaniuliza, "Kidole cha nani, mama? Changu hiki ni kama ndizi."

Darasa zima likacheka. Ekal alicheka kuliko wote, akapiga na meza. Mimi nikacheka pia, kwa sababu ungefanya nini. Akafuta ubao akaandika kanuni yake, kiuno ukigawanye kwa mara mbili ya ile tatu na kidogo, anayoiita pai, na chini yake akaandika kwamba vipimo vya mwili si hesabu. Nikanakili. Maziwa yalikuwa yamejaa tangu saa nne na leso niliyojifunga kifuani ilikuwa imelowa, na nakumbuka niliwaza kwamba nimemwacha mtoto wangu na njaa ya maziwa haya ili nije nichekwe kidole.

Niliporudi Kakuma, Ewoi alinitazama kama anavyowatazama wageni. Nikamchukua, akaugeuza uso wake kwa bibi yake. Siku tatu alikataa ziwa. Mama alisema atarudi tu, na kweli alirudi, lakini katika zile siku tatu nilijiapia jambo. Nilisema ile karatasi lazima niipate. Sitakubali nimpoteze mtoto wiki mbili halafu nikose na kazi.

Nadhani makosa yangu yote yalianzia kwenye kiapo hicho.

Mkaguzi alikuja Jumanne ya wiki iliyopita, na faili la kahawia. Akasalimia kwa Kiturkana, ejok, tukamwitikia, akakaa nyuma karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimepanga tukate karatasi za mifuko ya saruji kama tunavyofanya siku zote. Akasema hapana, anataka kuona kitambaa. Kitambaa cha nani? Sisi huwa hatuna kitambaa cha kuchezea.

Nyandeng akainua mkono.

Nyandeng ni msichana wa Sudan, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi na shangazi yake. Ni mrefu mpaka mlango wetu anauinamia, na hakuna mkono mwepesi kama wake katika darasa langu. Alikuwa na kitambaa kwenye mfuko wake, kipana, cha kijani cha majani mapya. Shangazi yake alikipata kwa kubadilisha mgao wao wa unga, kidogo kidogo, miezi kadhaa, ili Nyandeng apate sketi ya kusimama mbele na kwaya siku ya Pasaka. Alikuwa amenionyesha Jumatatu. Tulikubaliana tutakikata pamoja, polepole, siku hakuna mtu.

Akakiweka juu ya meza mbele ya mkaguzi. Alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Nikampima kiuno. Sentimita sitini na sita. Nikaandika ubaoni kanuni ya Lodwar, nikaeleza pai, nikawauliza, wakajibu, tukagawanya hatua kwa hatua mpaka ikatoka kumi na nusu kamili. Mkaguzi alikuwa anaandika na kichwa kinakubali. Nikamwambia Nyandeng apime kamba kumi na nusu, azungushe chaki. Akazungusha. Akachukua mkasi. Halafu akasimama na mkasi wazi akanitazama.

"Mwalimu, na kidole?"

Mkaguzi akainua macho, akauliza kidole gani.

Nilijua. Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Lakini nilisikia kile kicheko cha Lodwar kama kiko nyuma ya mlango, nikaona faili lile la kahawia, nikaona mtoto akigeuza uso.

Nikasema, "Hiyo tuiache, Nyandeng. Fuata ubao."

Akafuata ubao.

Mkaguzi aliondoka kabla hatujashona. Kwenye fomu aliandika kwamba mwalimu ameachana na mazoea na kushika kanuni. Jumatano Nyandeng akamaliza mshono wa zipu na mkanda wa kiuno, akaivaa juu ya gauni lake katikati ya darasa. Ilisimama pumzi moja. Ikateleza mpaka kwenye nyonga, akaishika, alipoiachia ikashuka yote. Wasichana wakacheka, si kwa ubaya, walikuwa wanafikiri ni mzaha. Ekal alikuwa mlangoni amekuja kuomba pini. Akasema, "Mwalimu, sketi yako imeenda kusalimia miguu."

Nyandeng hakucheka. Aliiokota, akaikunja mara nne vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha kukunja, akaitia kwenye mfuko.

"Wewe ulijua," akaniambia.

Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo hajarudi. Nimeuliza wenzake wa kambini, wanasema yuko, anachota maji, anapika. Wanasema shangazi yake hakugomba. Aliuliza tu kama sketi ndiyo hiyo.

Afadhali angegomba.

Leo, baada ya barua, nimefanya kitu ambacho ningefanya siku ile ya kwanza kama ningekuwa na ujasiri wa kuku tu. Nimechukua hesabu ya Lodwar nikaifanyia kazi kidole cha Mama Alice. Kwanza nikapima kidole changu kwa tepu: sentimita moja na nusu. Ndio upana ule ule tunaoacha kwa mshono. Nikaiangalia hiyo namba muda mrefu.

Ukikata duara kwa kumi na nusu, mshono wa mkanda unakula moja na nusu, kwa hiyo uzi unapita kwenye kumi na mbili kutoka kona. Nikazidisha kwa mbili, kisha kwa pai. Kiuno kinatoka sabini na tano. Zipu inakula tatu, inabaki sabini na mbili, na Nyandeng ana sitini na sita. Ndiyo maana ilianguka.

Halafu nikafanya ya Mama Alice. Sitini na sita kwa sita ni kumi na moja. Toa kidole, unakata kwa tisa na nusu. Mshono unairudisha kumi na moja. Nikazidisha kwa mbili na kwa pai, ile ile pai ya Bwana Mutiso, ikatoka sitini na tisa. Zipu inakula tatu.

Sitini na sita.

Nimeirudia mara tatu. Mama Alice hakusoma hata darasa moja.

Kanuni ya Lodwar si mbaya. Inajua duara vizuri kuliko sisi, ila haijawahi kushona. Ningeweza kusema hivyo mbele ya mkaguzi, kwa adabu, kwa namba zake mwenyewe, na labda angeandika vizuri zaidi ya alivyoandika. Labda asingeandika. Sitajua. Nilikuwa na vitu vyote viwili mkononi, hesabu na kidole, nikakificha kimoja ili nipendwe na mtu ambaye amekaa nasi saa moja.

Hapa Ekal amegonga dirisha, amesikia habari ya barua, anataka soda. Nikamwambia anywe maji. Akasema mwalimu kamili ana maringo. Kisha akachungulia, akaona uso wangu, akaenda bila kumaliza mzaha.

Sentimita sita zimezidi. Hiyo inatibika. Mikunjo sita midogo, ya sentimita moja moja, kuzunguka kiuno. Haitakuwa mwavuli kama alivyoutaka, lakini itakaa kiunoni, na Pasaka bado. Kesho nitamfunga Ewoi mgongoni niende kambini na uzi wa kijani na sindano. Nitafumua mkanda mwenyewe. Kama hataki kuniona, nitaomba shangazi aniruhusu nikae nje nishone.

Nitamwambia nilijua.

Na Jumatatu nitaandika ubaoni kanuni yote, kiuno pamoja na zipu, nusu kipenyo, kisha nitoe mshono, mbele ya darasa, na nitasema ni nani aliyeuliza kwanza. Mkaguzi atarudi muhula ujao. Barua imesema nifuate mwongozo, na mwongozo hauna mshono. Inawezekana nikanyang'anywa jina la mwalimu kabla sijalizoea.

Ewoi ameamka. Hajalia, ananitazama tu kutoka chini ya meza, na sasa ananitazama kama mama yake. Amekishika kidole changu, kile kile nilichopima, anajaribu kukila.

Mkaguzi akiniuliza kidole cha nani, kama alivyouliza Bwana Mutiso, nitaweza kujibu kwa sauti?

Hapa kwenye daftari ni rahisi. Ni changu.