Sekunde Kumi na Moja za Lambert

Bunia, Ijumaa

Yaya Domitille, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Kpandroma. Natumaini kikohozi cha shemeji kimetulia. Mimi ni mzima. Mama anakula vizuri, anatembea uani akigusa ukuta. Jicho la kulia halitarudi, daktari amethibitisha.

Umeniandikia kwamba Jumatatu unakuja kumshtaki Lambert, fundi wa leza ya macho. Soma kwanza barua hii hadi mwisho.

Leza ile hukusanya nguvu ndani ya fuwele, kisha swichi hufunguka na mwanga wote hutoka kwa pigo moja fupi. Pigo hilo hupasua utando uliofunga nyuma ya lenzi ya mama. Mashine ilikuwa imechoka. Lambert alisafisha vioo, akabadilisha taa ya ndani, ikawa inatumia nusu ya umeme wa zamani. Betri za sola zikatosha. Swichi peke yake ndiyo ilibaki na kasoro. Jumanne nilikuwepo alipoijaribu kwenye karatasi nyeusi. Kila pigo liliacha doa moja. La tano likaacha mawili.

Daktari alikuwa Bule, ambako simu haikumpata, lakini kila saa saba husikiliza habari ninazotangaza redioni. Kwa hiyo Lambert aliniomba kinasa sauti ili nimrushie ujumbe hewani, akasema: “Docteur, musiguse mashine. Swichi iko inapiga mara mbili. Mungoje nirudi na ingine.” Kisha akapanda pikipiki kwenda Mahagi kutafuta swichi, akiamini ujumbe utafika.

Daktari alirudi Jumatano asubuhi, akawaita wagonjwa. Mama alikuwa wa tatu. Pigo la pili lilipita utando, likachoma nyuma ya jicho.

Mtaani wanasema Lambert alikimbia. Mimi nilinyamaza. Taarifa yangu ilizidi muda, Yaya. Nilikata maneno yake, sekunde kumi na moja, nikamalizia kwa kusema mashine imepona, nikidhani swichi ni jambo dogo. Daktari alisikia hivyo. Na mama ni mimi niliyempeleka.

Sauti yenyewe iko kwenye flash ndani ya bahasha hii. Mpe hakimu, na jina utakaloandika liwe langu.

Mama hajui. Kila saa saba anaomba redio isogezwe, anamwambia jirani yetu Falone kwamba mtoto wake hasemi neno bila kulihakikisha.

Wape watoto mkono wangu. Shemeji avae koti asubuhi, baridi ya huko naijua.

Mdogo wako,
Augustin