Huwa Nala na Nani

Mwanangu Raihana,

Salamu zikufikie huko Toronto. Mimi mzima, alhamdulillahi; goti usiniulize.

Kiingereza naendelea nacho hapa Bondeni. Mwalimu Loise hutupa kitendo na jina, nasi tuviunge: kupika samaki, kufagia ukumbi, kufungua dirisha. Jumapili nilimsomea mwanao Khubaib sentensi zangu zote kwenye simu. Akacheka, kisha akaniuliza kwa Kiingereza huwa nala na nani.

Nilifahamu kila neno, mwanangu. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Tangu babako atutoke sijabadili chombo. Bado napakua kwenye lile sinia kubwa, nikala upande wangu tu.

Akiuliza tena, usimjibu. Mlete, akae upande wa babako.

Mamako,
Ummukulthum