Herufi Moja ya Mama

Dada yangu,

Huku hatujambo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la waya zangu. Baba anakohoa kidogo tu, usihangaike.

Wiki iliyopita aliniletea ile katriji ya gemu ya kompyuta yetu ya zamani, imegoma kuwaka. Nilipoifungua nikakuta meno yake yameshika kutu. Si unakumbuka tulivyokuwa tukiipuliza kila ikikwama? Mate yetu yote yamo humo. Nikayasugua kwa spiriti, ikawaka. Kisha nikaona betri ya ndani, ile inayotunza majina ya washindi, inavuja. Nikaing'oa, nikachomelea mpya.

Dada, ilinipasa kwanza kuilisha katriji umeme kutoka nje, ndipo niing'oe betri. Fundi mzima, nikasahau! Majina yamefutika yote, na la Mama ndilo lililokuwa juu kabisa. Unajua Baba hachezi. Tangu Mama atutoke, huiwasha alitazame jina hilo tu, kisha anazima.

Nimemdanganya kwamba nasubiri kipuri. Anakuja Jumamosi.

Nimecheza hadi vidole vikafa ganzi, nikazifikia pointi za Mama, hizo nazikumbuka, nikaandika lile jina alilojipa: MALKIA. Lakini yeye hakuliandika hivyo. Kila mara alikosea herufi moja, na hakutaka kusahihishwa. Nimejaribu MALKEA, nimejaribu MARKIA, yote nayaona mageni. Nijibu upesi, alikuwa akikosea wapi? Baba usimuulize, nakuomba.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka kuliko wote, na sasa sikumbuki nilikuwa nacheka nini.

Mdogo wako,
Kelele