Propela Iliyochongwa na Mzee

Chimala, Jumanne

Kaka Kalinga,

Shikamoo. Za huko Ipogolo? Sisi wazima, ila kichwa changu kimevurugika. Msimu wa kuwinda bata umefunguliwa na boti haitoki. Ile propela uliyotuma, ya mapanga matatu, inakwenda vizuri kwenye maji marefu, lakini kwenye kina kifupi majani yanaizunguka kama kitenge kiunoni. Muuza vipuri wa Iyunga akasema nichukue ya mapanga mawili. Nimechukua, nayo inanasa vilevile!

Nikailinganisha na ile ya zamani iliyovunjika. Kumbe miaka yote baba alikuwa anaichonga kwa tupa, kingo zikalala nyuma ili majani yateleze. Sasa duka gani linauza hiyo?

Jana nikampa baba hii mpya nimuulize. Alichukua tupa akaanza kuikwangua, na leo tena yuko nayo barazani. Sijui nimzuie au nimwache. Labda anaiharibu, labda mikono yake bado inakumbuka. Maana kaka, tangu Jumapili ananiita Kalinga.

Nami naitika.

Mdogo wako,
Obeid