Kitambaa Kisichofuliwa

Jumanne, 15 Oktoba

Adubea ni mpumbavu. Nimeshamwambia usoni mara tatu na bado sijashiba, ndiyo maana naandika. Ujumbe wa benki umelala kwenye simu yake tangu Jumatano iliyopita. Eti alidhani ni tangazo la bahati nasibu. Siku sita! Mjukuu mzima wa miaka ishirini na sita, anauza dawa kwenye duka la dawa, anajua kusoma maandishi ya daktari — neno "malalamiko" likampita.

Habari yenyewe ni hii. Ohenewaa wa Hamburg, yule aliyemzika mama yake hapa Ntonso mwezi uliopita, ameiambia benki yake ya huko kwamba nimemuuzia vitu vibovu. Vitambaa arobaini vya msiba, vyekundu na vyeusi, nimevichapa kwa mkono huu. Alilipa kwa kadi, kwenye ile linki aliyoitengeneza Adubea. Sasa benki imezichomoa pesa zote kwenye akaunti yangu. Sedi elfu kumi na nane. Kwanza wanachukua, halafu ndipo wanauliza. Na ada ya usumbufu juu yake. Usumbufu wa nani?

Anasema rangi imetoka. Imetokaje? Alivifua.

Jumatano, 16 Oktoba

Sijalala vizuri. Kitambaa cha adinkra, hiki tunachokichapa alama za msiba kwa rangi ya gome, hakifuliwi. Bibi yangu alikuwa hafui, mama yangu alikuwa hafui. Unakikung'uta, unakianika, unakikunja, unakiweka mpaka msiba mwingine. Hata yule kichaa wa sokoni anajua. Huyu amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, ameondoka na vitambaa vinne, amefika Ulaya akavitia kwenye mashine ya kufulia.

Nimemwambia Adubea anisomee tulichoandika kwenye ile linki. Akaanza kukohoa. Nikamwambia soma.

"Kitambaa imara cha asili, cha kudumu maisha yote."

Nani kaandika hivyo? Anasema, Nana, nilitaka kipendeze. Na wapi pameandikwa kisifuliwe? Hapana popote. Nikataka kumtukana, nikakosa tusi, kwa sababu hata mimi nisingeandika. Nani anaandika kwenye bakuli la fufu kwamba isiliwe kwa uma?

Pesa hizo ndizo pamba yangu ya Desemba. Bila vitambaa vyeupe vya pamba sina cha kuchapa. Gome la rangi linachemka siku tatu kwa ajili ya nani? Na wanawake wanne wanaonichapia nitawaambia nini, waende wakauze maji barabarani?

Alhamisi, 17 Oktoba

Kumasi, benki. Nimevaa kitambaa changu kizuri wasinione mlalahoi. Nimekaa saa mbili.

Anayeshughulikia mambo haya ni Bi Lamptey, kucha ndefu, sauti ndogo. Nilikuja kugomba. Hakunipa nafasi. Alinisikiliza kisha akasema, Nana, hasira yako haina mahali pa kubandikwa kwenye fomu. Mtoto mkali yule.

Alivyonieleza: tunajibu mara moja tu. Hakuna kusema nimesahau kitu. Mwisho ni Jumanne tarehe 22, saa kumi na moja jioni. Tusipojibu, tumekubali kosa. Tulete risiti, meseji zake zote, picha za mzigo ulipopokelewa, na maelezo yaliyokuwepo siku aliponunua. Si maelezo tutakayoyatengeneza leo. Hapo alimtazama Adubea. Nami nilimtazama Adubea.

Akasema pia kitu kilichonipa pumzi. Anayedai kitu ni kibovu sharti akirudishe, au aonyeshe kwamba alijaribu kukirudisha. Je, amerudisha? Nikamwambia hata uzi. Akasema basi hapo ndipo pa kushika. Amelipia arobaini, amefua vinne, vingine vyote vimevaliwa msibani na viko kwenye masanduku ya ndugu zake.

"Lakini Nana, kuanzia leo usipokee chochote kutoka kwao bila karatasi. Na usimrudishie hata sedi moja kwa mkono. Utalipa mara mbili."

Nikamwambia mimi si mtoto.

Jumamosi, 19 Oktoba

Adubea amefanya kazi leo, nimpe haki yake. Amepata meseji ya Ohenewaa ya siku moja baada ya mazishi. "Nana, vimependeza, watu wote wanauliza nimevitoa wapi." Ipo na tarehe. Picha zipo: ukoo mzima umejipanga, vitambaa vinang'aa. Amevipanga vyote kwenye simu. Jumatatu Bi Lamptey avipitie, halafu tutume.

Nimekula vizuri kidogo.

Jumapili, 20 Oktoba

Opanyin Frempong amekuja baada ya kanisa. Huyu ndiye mkuu wa ukoo wa Ohenewaa, kaka wa marehemu mama yake. Magoti yake mabovu, lakini amekuja kwa miguu. Nyuma yake mkwewe kabeba gunia, na chupa ya shnapsi, kile kinywaji kikali cha kumalizia maneno, kwenye mfuko wa kitambaa.

Amesema ameona aibu. Mtoto amekwenda kunishitaki kwa wazungu bila kupita kwake. Amesema, Nana Dufie, mimi na wewe tumezikiana watu wangapi? Tulimalize hapa. Ameleta vitambaa vilivyokuwa nyumbani kwake, Ohenewaa kamwambia avirudishe. Sita. Havijaguswa na maji. Nimevitazama — rangi imekaa kama siku nilipoichapa.

Akamimina kidogo chini, akanipa. Nikanywa. Ukishakunywa, neno limekwisha, mtu halifufui tena. Ndivyo tulivyo.

Adubea alikuwa mlangoni ananifanyia macho. Anataka karatasi. Nimwombe karatasi mzee aliyekuja na chupa mkononi? Nikamfukuza aende akapike.

Mkwe akasema, Nana, tupige picha ya ukumbusho. Mimi, Opanyin, gunia katikati. Akaniambia nitabasamu kidogo.

Nikatabasamu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bi Lamptey amepiga simu saa nne. Sauti yake ndogo ilikuwa ndogo zaidi.

Ohenewaa ameongeza ushahidi. Picha. Mimi na gunia na meno yangu yote nje. Chini ameandika: muuzaji amepokea mzigo wote na amekubali kosa.

Wote. Gunia la sita limekuwa la arobaini.

Nikamwambia ni uongo. Akasema, najua Nana, lakini karatasi inayosema sita iko wapi?

Nimekwenda kwa Opanyin mchana. Nimeuliza kwa adabu kama anaweza kutia kidole kwenye barua kwamba alileta sita. Akasema Ohenewaa ndiye anayelipa dawa zake za sukari, na paa la nyumba ni yeye. Akasema, halafu, dada yangu, si tulikunywa?

Tulikunywa. Nimerudi. Wanawake wangu wanne walikuwa wanapasua gome, wanacheka jambo lao. Sikuwaambia.

Jumanne, 22 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Adubea hakwenda kazini. Anasema tutume tulivyonavyo, meseji na picha za mazishi, labda Mungu. Bi Lamptey anasema bila kitu cha kulijibu lile gunia, tumeshindwa kabla hawajasoma. Na tukishindwa kesi hii, ya pili itafunga ile linki kabisa.

Nimefikiria tangu alfajiri. Iko njia moja, na sijawahi kuiona ikifanywa na mtu mwenye heshima zake. Kukitapika kinywaji. Kumrudishia Opanyin chupa nzima mbele ya wazee wake, niseme neno halijakwisha, kisha gunia lifunguliwe pale pale na vitambaa vihesabiwe kwa sauti, aseme mwenyewe kama si hivyo alivyoleta, mmoja anarekodi. Hatanisamehe. Siku yangu ikifika, ukoo wake hautakuja kunizika.

Na huenda hata hivyo benki isisikie. Lugha yetu wataielewa wapi.

Nimeitazama ile chupa. Imebaki nusu.

Adubea, acha kulia. Kanunue nyingine ya aina ile ile, na mfuko wa kitambaa. Beba gunia wewe, usilifungue njiani. Chaji simu. Tunaondoka saa tatu.