Yule Aida Asiyesimama

Dada Rasoa, huko Chekalini mmeamkaje? Hapa Kakamega ni miwa tu, hata mboga imekosa pa kuota. Dada, macho yangu hayakupasuliwa. Yule daktari Mzungu aliyekuja kupasua watu macho alikuwa anasoma majina kwa karatasi: "Aida! Aida!" Hakuna mtu anasimama. Nikacheka na wagonjwa wenzangu: "Huyu Aida ni mjinga, anaitwa na haendi!" Daktari akafunga mfuko, akarudi kwao. Kumbe Aida ni mimi! Mwalimu anayeniandikia hii kadi anasema kwa Kizungu ile i ya Ida inasemwanga "ai". Sasa nani ataniondolea hii giza? Mungu akulinde, na kuku zetu. Ukikuja, niite vile mama aliniitanga, nijue ni wewe.

Ida